Mgeni mwenye hati: amua kabla hujatuma kadi

Najua boom halijatoka na wengi hamna mzuka wa siasa, lakini juzi pale vimbweta tulibishana hadi giza likaingia: nchi ifanye nini kama rais anayesakwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) anataka kuja kwake? Kila mtu aliongea kwa wakati mmoja, kwa hiyo hoja yangu naimalizia hapa.

Msimamo wangu: kazi ya wanadiplomasia ni kabla ya mwaliko. Ndege ikishatua, inabaki aibu tu.

Tuanze na majirani. Machi 2009 ICC ilitoa hati ya kumkamata Omar al-Bashir, Rais wa Sudan wakati huo, kwa yaliyotokea Darfur. Julai 2010 ikatoa ya pili, yenye mashtaka ya mauaji ya kimbari. Mwezi uliofuata, tarehe 27 Agosti, jamaa huyo Uhuru Park, Nairobi, kwenye sherehe za kuzindua katiba mpya! Na ibara ya 2(6) ya katiba hiyo hiyo inasema mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria zake. Mkataba wa Roma, ulioanzisha ICC, Kenya iliuridhia 2005. Novemba 2011 Mahakama Kuu ikaamuru akirudi akamatwe, Sudan ikaja juu na kumpa balozi wa Kenya saa 72 afungashe.

Afrika Kusini nao yakawakuta Juni 2015, mkutano wa Umoja wa Afrika (AU) Johannesburg. Mahakama ikaamuru Bashir asitoke nchini kwanza. Kesho yake akapaa kupitia kambi ya jeshi la anga ya Waterkloof. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikasema serikali ilivunja sheria.

Ila walijifunza. Machi 2023 ICC ilitoa hati ya Putin, na mkutano wa BRICS ulikuwa Agosti, hukohuko Johannesburg. Ramaphosa aliiambia mahakama kwamba kumkamata ni sawa na kutangaza vita na Urusi. Basi wakakaa, wakazungumza, na Julai ikatangazwa kwamba Putin haji. Akahutubia kwa video, Lavrov akaja badala yake. Hiyo ndiyo mipango.

Lakini anayenikuna zaidi ni Joyce Banda wa Malawi. Mwaka 2012 mkutano wa AU ulikuwa ufanyike Lilongwe, naye hakumtaka Bashir. AU ikakomaa kwamba kila rais aalikwe. Juni Malawi ikasema basi, hatuandai, mkutano ukahamia Addis Ababa. Mtasema aliogopa kukosa hela za wafadhili. Sawa, hata yeye alitaja uchumi. Lakini nchi maskini ilikubali kupoteza mkutano mkubwa ili isile neno lake.

Wapo watakaosema ICC inawaonea Waafrika na Marekani yenyewe si mwanachama. Hoja hiyo ina uzito, siipuuzi. Lakini kama huutaki mkataba, mlango wa kutokea upo. Burundi ilijitoa rasmi Oktoba 2017, hadharani kabisa. Unaweza usikubaliane nao, ila unajua wamesimama wapi. Kusaini mchana na kumpitisha mgeni mlango wa nyuma usiku, hapo ndipo mimi nakataa.

Sisi walimu watarajiwa tunalijua hili. Bandika sheria ukutani, halafu siku mtoto wa mkubwa akiivunja ujifanye unafuta ubao. Darasa zima limeshajifunza, na hutawafundisha tena vinginevyo. Sasa fikiria mama wa Darfur aliyekimbilia kambi za Chad, anaambiwa mtuhumiwa kapigiwa saluti Nairobi. Amejifunza nini kuhusu sahihi zetu Waafrika?

Na Tanzania tuliridhia mkataba huu mwaka 2002, kwa hiyo tusiwacheke wenzetu. Siku wizara ikiambiwa mgeni wa namna hiyo anataka kuja, jibu liwe limeshaandikwa: tunamkamata, au tunamwambia mapema atume mwakilishi, au mkutano tunauacha uende kwingine. La nne, la "tutaona akifika", lisiwepo kabisa mezani.

Naomba kutoa hoja. Mnaobisha, karibuni vimbweta.