Sekunde 119.5

Wako watu waaminio kwamba stauti iliyotiwa naitrojeni haiwezi kumiminwa nyumbani ila kwa kukosewa adabu. Kwao bilauri huinamishwa, hujazwa robo tatu, huwekwa ikangojewa, kisha hujalizwa. Na muda wote sharti uwe sekunde 119.5. Afunguaye kopo jikoni kwake akalimimina mara moja hutazamwa kama mgeni aliyeketi barazani kabla ya kukaribishwa. Ni haki kuuliza sheria hii imetoka wapi. Hesabu ya sekunde imetoka kwa wenye kuuza. Bia yenyewe haiijui.

Kumimina mara mbili kulikuwa na maana zamani. Katika vilabu vya Dublin stauti ilitoka katika mapipa mawili, moja la bia changa yenye nguvu, na la pili la bia iliyopoa. Mwuzaji alijaza bilauri povu la ile changa, akangoja litue, akajaliza kwa ile ya pili. Mwaka 1959 kiwanda cha Guinness kilitoa kazi ya Michael Ash, mwanahesabu, ambaye pamoja na wenzake aliwezesha pipa moja lenye naitrojeni na kaboni dioksaidi kufanya kazi ya yote mawili. Mapipa yakaondoka, ada ikabaki, mfano wa mlinzi alindaye nyumba iliyokwisha bomolewa. Na ajabu yake ni hii: ada husifiwa kila siku, na Ash hatajwi.

Ulaini wa kinywaji hiki hautokani na subira. Naitrojeni huyeyuka kwa shida sana katika bia, basi hutoka kwa viputo vidogo mno. Na kwa kuwa hewa ya dunia ni naitrojeni kwa sehemu kubwa, viputo hivyo havipotezi upesi kilichomo ndani yake, na povu hudumu. Kaboni dioksaidi ikiwa kidogo, ukali wake ulimini hupungua. Katika kilabu viputo huamshwa na kisahani chenye vitundu kilichomo bombani. Katika kopo huamshwa na kitufe cha plastiki: kopo likifunguliwa, kani hushuka ghafula, na hewa iliyobanwa humo hufumka kwa kitundu chake. Uvumbuzi huo ulipewa tuzo ya Malkia wa Uingereza mwaka 1991, na haukukusudiwa uchezewe kwa kumimina nusu nusu. Kopo lipozwe sawasawa, maana likiwa na joto hufoka. Kisha limiminwe lote kwa mkono mmoja usiositasita.

Kungoja kuko, lakini ni baada ya kumimina, tena ni starehe yenyewe. Viputo huonekana vikishuka kandokando ya bilauri, jambo ambalo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Limerick walilieleza mwaka 2012: bilauri ikiwa imepanuka juu, viputo hujitenga na ukuta wake, bia iliyobaki hapo huwa nzito ikateremka, ikavikokota. Atazamaye haya hahitaji saa.

Kiwanda cha Left Hand, huko Colorado, kilitoa mwaka 2011 chupa ya stauti ya naitrojeni isiyo na kitufe chochote. Chupa hiyo hupinduliwa kichwa chini na kumwagwa kwa nguvu. Mshika ada akiimimina polepole kwa heshima, hupata maji meusi yaliyolala, akakilaumu kiwanda.

Na ada hii imevuka bahari. Stauti ya chupa inayouzwa Nairobi, ile iitwayo Foreign Extra, ina kaboni dioksaidi, nayo ni nzuri kwa namna yake, kali na chungu. Lakini yuko kijana aliyeona matangazo ya Dublin, naye huinamisha bilauri, hujaza robo tatu, huiweka mezani, akangoja krimu ambayo haimo chupani.