Kutembea kwa miguu si uvivu

Kuna wenye kusema ya kama mwanafunzi anayezunguka mjini siku ya posho ni mvivu tu. Sisi tunakataa. Posho iliyopita tulitoka Manika kwa miguu mpaka Kasulo. Mwenye kupanda pikipiki anaona vumbi tu, na tena inakula franka. Sisi tuliona mama akichoma mihogo juu ya mbabula, kinga zenye kubeba makala, na makamyo ya shaba yakielekea Kasumbalesa.

Kule Kasulo, 2014, watu walipojua ya kuwa kobalti iko chini ya nyumba zao, walichimba mpaka ndani ya lupango. Mu jeografia tunasoma ya kama kobalti hiyo inaingia mu betri za simu. Lakini kitabu hakionyeshi mwenye kusukuma ile sako.

Sisi tulikutana naye. Mwaka jana alikaa nasi benchi moja, mpaka minervali ikamushinda. Tuligeuza macho kwa haya. Yeye ndiye alitusalimu kwanza, akauliza: «Mwalimu wa mahesabu ni yuleyule?»