Msimcheke Mama kwa kubonyeza "Next"

Kipindi cha juzi tulicheka mno. Tulikuwa tunahadithiana jinsi kompyuta za wazazi wetu zilivyojaa takataka, na mimi ndiye niliyeanza, nikamtolea mfano Mama. Nimekisikiliza tena nikiwa kwenye treni na kwa kweli nimeona aibu. Sasa niseme nilichopaswa kusema siku ile.

Mama mdogo alimtumia Mama video ya harusi kutoka Tanga, ikakataa kufunguka. Mama akatafuta Google programu ya kuchezea video, akabonyeza jibu la juu kabisa, ambalo kumbe lilikuwa tangazo. Programu ikaingia, harusi akaiona, akafurahi. Kesho yake ukurasa wa mwanzo ulikuwa umebadilika, kila anachotafuta kinapitia tovuti asiyoijua, na pembeni kijidirisha kinamwambia laptopu ina virusi, apige namba fulani haraka.

Hakupiga, alhamdulillahi. Lakini hata mimi hakuniambia. Wiki tatu hakuigusa laptopu ile, na pesa ya dawa za bibi, ambayo huituma kwa laptopu hiyo hiyo kwa sababu maandishi ya simu hayaoni vizuri, akawa anamwomba jirani amtumie. Nilipomuuliza kwa nini amenyamaza, akanijibu, "Mwanangu, mara ile uliniambia, 'Mama, umebonyeza nini tena?'"

Hilo "tena" ndilo lililoniuma.

Maana kosa si lake. Programu hizi za matangazo haziingii kwa bahati mbaya. Mtu anachukua programu ya bure ambayo watu wanaitafuta, anaifungasha pamoja na nyingine mbili tatu, na kila zikiingia kwenye kompyuta ya mtu yeye analipwa. Kwa hiyo ule ukurasa wa kusakinisha umetengenezwa ili usisomwe. "Next" ni kubwa na ya kijani, "Decline" imefifia kama vile haifanyi kazi, na tiki imeshawekwa kabla hujafika. Wakati mwingine unaonyeshwa mikataba miwili inayofanana, wa pili ni wa programu nyingine kabisa. Kiingereza cha Mama kinamtosha kazini, sokoni na kwa daktari. Lakini sentensi zenye kukataa mara mbili, kwamba usipotoa tiki basi hujakataa kutokataa, zinanichanganya hata mimi niliyesomea sheria hapa hapa.

Na msidhani wanaonaswa ni wazee tu. Mwaka 2011 tovuti ya Download.com ilikutwa ikiifungasha Nmap, chombo cha wataalamu wa usalama wa mitandao, pamoja na upau wa matangazo, na mwandishi wake akalalamika hadharani. SourceForge, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa nyumbani kwa programu huria, ilianza biashara hiyo 2013. Mwaka 2015 ikaingia kwenye ugomvi mkubwa kwa sababu ya GIMP ya Windows, hadi wamiliki wapya walipoisimamisha 2016. Halafu kuna Superfish. Hapo mnunuzi hakubonyeza kitu chochote: baadhi ya laptopu za Lenovo zilizouzwa mwishoni mwa 2014 zilitoka nayo dukani. Ilijiwekea cheti chake ndani ya Windows ili ipenyeze matangazo hata kwenye kurasa zenye kufuli, na ufunguo wa siri ulikuwa mmoja kwa mashine zote. Yaani mwizi akiupata huo mmoja, anaweza kuigiza tovuti ya benki yako na kufuli utaliona. Nani wa kuambiwa "umebonyeza nini tena" hapo?

Jumapili nikaenda. Kwanza nikamwambia abadilishe nywila ya benki kwa simu yake, si kwa laptopu. Kisha tukakaa, mkono wake kwenye kipanya, mimi mkono wangu kwenye chai. Tukafungua orodha ya programu zote na kuipanga kwa tarehe. Siku ya video ya harusi zilikuwa zimeingia programu nne. Yeye alitaka moja. Akazitoa zote nne mwenyewe.

Kwenye Chrome kulikuwa na kijiprogramu cha kuponi alichokuwa hakijui, tukakifuta, tukarudisha ukurasa wa mwanzo na Google yake. Kile kijidirisha cha virusi hakikuwa virusi hata kidogo: kuna tovuti ilimwomba ruhusa ya kumtumia taarifa, akabonyeza "Allow". Hapa wengi wetu huwa tunaparuka. Tunafuta programu, tunasahau ruhusa za taarifa, baada ya siku mbili mzazi anapiga simu kwamba imerudi. Mwisho tukapitisha AdwCleaner, ya bure, kutoka tovuti ya Malwarebytes wenyewe, na anwani tuliiandika kwa mkono, maana ukitafuta programu ya kusafisha kupitia matangazo unaweza kunaswa upya. Ndani ya Windows Security kuna swichi ya kuzuia programu zisizotakiwa. Yake ilikuwa imezimwa. Ingekuwa takataka zimerudi hata baada ya hapo, ningehifadhi picha zake pembeni na kuiweka Windows upya.

Peke yangu ingenichukua dakika ishirini. Naye ilituchukua saa mbili na nusu, na katikati aliniuliza kuhusu kuoa. Lakini hebu tuwe wakweli: miaka kumi nimekuwa naichukua laptopu, naipeleka chumbani, narudi nayo safi kama fundi gereji. Alichojifunza kutoka kwangu ni kwamba yeye ni mjinga na mimi nina haraka. Ndiyo maana akanyamaza. Na huyo tapeli mwenye namba ya simu, yeye hana haraka. Angempokea vizuri tu.

Baadaye jioni alikuwa anaweka programu ya printa. Akafika ukurasa wa tatu akasimama, akasogeza miwani.

"Hii tiki nani kaiweka? Mimi sijaiweka."

Akaitoa.