Kwa nini shabiki wa benga hataki kukaa mbali na jukwaa

TAMASHA la muziki mjini Kisumu haliishi vyombo vinapozimwa. Huendelea kesho yake katika kituo cha matatu cha Kondele, kwenye vibanda vya samaki vya Dunga na katika njia panda ya Mamboleo, kwenye barabara kuu ya kuelekea Kakamega. Hapo ndipo mashabiki hutoa hukumu yao.

Anayeisikiliza hukumu hiyo kwa makini atagundua jambo moja. Wengi hawaanzi kwa kuuliza kama sauti ilikuwa safi au kama mwanamuziki alifika kwa wakati. Huuliza ni nani aliyetajwa, ni nani aliyesifiwa na ni nani aliyejitokeza mbele, akatoa noti na kumsimamisha mwimbaji katikati ya wimbo.

Kwa mgeni, maswali hayo ni ya ajabu. Shabiki wa bendi ya roki kule London au Chicago hutoka ukumbini akizungumzia nyimbo zilizopigwa na zilizoachwa, ufundi wa mpiga gitaa na ukubwa wa umati. Shabiki wa benga huyazungumzia hayo pia, lakini kwake yeye onyesho lisilomtambua aliyehudhuria halijakamilika.

Tofauti hiyo si ya ladha pekee. Inagusa riziki ya wanamuziki wa ufuo wa Ziwa Victoria wakati huu ambapo burudani inavutwa kutoka kumbi ndogo za mitaani kuelekea viwanja vikubwa, ukiwemo ule wa Mamboleo.

Wajaluo huiita desturi hiyo pakruok, yaani kujisifu. Mpenzi wa muziki hujitokeza na kutoa pesa, na vyombo hupunguzwa au kusimamishwa kabisa ili ajigambe kwa maneno machache. Hutaja ukoo wake, kijiji alikozaliwa, shemeji zake, rafiki aliyeandamana naye au sifa ambayo angependa ijulikane. Umati humshangilia, gitaa hurejea, na huenda mwimbaji akalibeba jina hilo hadi mwisho wa wimbo.

Wasomaji wa Pwani hawatashangazwa na jambo hilo. Katika taarab ya Mombasa na Unguja, anayeguswa na shairi huinuka, akasogea mbele kwa madaha na kumtunza mwimbaji. Hata hivyo, anayetunza katika taarab huliacha shairi limsemee, ilhali wa Kisumu hupewa nafasi ya kusema mwenyewe. Kwa dakika moja, mnunuzi wa tiketi hugeuka kuwa sehemu ya bendi.

Ikumbukwe kwamba desturi hii ni kongwe kuliko gitaa lenyewe. Mpiga nyatiti, chombo chenye nyuzi nane, aliketi kwenye kigoda kifupi akigonga ukingo wa chombo kwa pete ya kidole cha mguu. Alialikwa matangani na kwenye karamu za pombe, na kazi yake ilikuwa kuwasifu waliokufa na walio hai. Waliomzunguka walikuwa na haki ya kumkatiza.

Benga ilipochipuka katika miaka ya 1950 na 1960, vijana waliihamisha midundo ya nyatiti hadi kwenye nyuzi za gitaa. Gitaa la solo likawa linajibizana na sauti ya mwimbaji, na gitaa la besi likapewa nafasi ya mbele kuliko katika mitindo mingi ya enzi hiyo. Haki ya kumkatiza mwanamuziki ilihamia huko pia. Ndiyo sababu nyimbo nyingi za benga zimebeba majina ya watu.

Ukaribu huo haukuwa wa kujigamba tu. D. O. Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz aliyezaliwa upande wa Tanzania wa ziwa, alizifumba siasa ndani ya visa na mafumbo, na aliwahi kukamatwa kwa sababu ya nyimbo zake. Wasikilizaji wake ndio waliokuwa wakifumbua mafumbo hayo siku iliyofuata, kila mmoja akitoa tafsiri yake. Alipofariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu mnamo Mei 17, 2006, eneo hilo lilipoteza mwimbaji na mchanganuzi wa siasa kwa wakati mmoja.

Kwa hivyo, mazungumzo ya mashabiki baada ya onyesho yalikuwa sehemu ya wimbo. Bila mazungumzo hayo, nusu ya ujumbe ingebaki gizani.

Upande wa pili wa suala hili ni pesa. Katika miaka ya 1970, wafanyabiashara kama vile Phares Oluoch Kanindo waliuza santuri za benga hadi kusini mwa Afrika, kiasi kwamba nchini Zimbabwe mtindo huo ulikuja kuitwa kanindo. Baadaye zikaja kanda, kisha diski, kisha simu, na kila hatua ikarahisisha kazi ya wanaonakili nyimbo bila idhini. Mvutano wa muda mrefu kuhusu ukusanyaji wa mrabaha nao haukumsaidia msanii.

Matokeo ni kuwa bendi nyingi sasa hutegemea jukwaa. Kiingilio hugawanywa na mwenye ukumbi, lakini pesa za pakruok hutoka mkononi mwa shabiki moja kwa moja hadi kwa msanii, na siku hizi hutumwa hata kwa simu. Shabiki anayejisifu ndiye mfadhili wa bendi.

Ukweli huo ulidhihirika wakati wa janga la corona. Kafyu ilipoanza kutekelezwa nchini mnamo Machi 27, 2020, muziki wa usiku ulinyamaza. Mnamo Juni 2021, kaunti 13 za eneo la ziwa na Magharibi, Kisumu ikiwemo, ziliwekewa kafyu kali zaidi, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Amri ya kafyu iliondolewa kote nchini mnamo Oktoba 20 mwaka huo. Kwa takribani miezi kumi na tisa, msanii wa kumbi za usiku alikuwa na nyimbo bila wa kumkatiza.

Wiki chache tu kabla ya masharti hayo ya Juni, Kisumu ilikuwa imesherehekea. Mnamo Juni 1, 2021, Sikukuu ya Madaraka iliadhimishwa katika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Mamboleo, uliokuwa umejengwa upya. Mwaka uliofuata, mnamo Mei 2022, Mamboleo ilipokea wajumbe wa kongamano la Africities. Mahali palipojulikana zaidi kwa maonyesho ya kilimo pakawa ukumbi wa mji mzima.

Waandalizi wa matamasha wana sababu nzuri za kuvutiwa na uwanja wa aina hiyo. Una nafasi, una milango inayodhibitiwa na haumo katikati ya nyumba za kulala. Tangu kanuni za kudhibiti kelele zilipotolewa mwaka wa 2009, kumbi zilizo mitaani zimekuwa zikikabiliwa na malalamishi ya majirani, na malalamishi hayo si ya kupuuzwa. Mzazi ambaye mtoto wake ana mtihani asubuhi ana haki ya kulala.

Hata hivyo, kiwanja kina kanuni zake. Jukwaa huinuliwa juu, vizuizi vya chuma huwekwa mbele, na walinzi huamriwa wasimruhusu yeyote kupita. Viti vya karibu hutengewa wageni waheshimiwa. Ratiba hupimwa kwa dakika, na bendi ya nyumbani mara nyingi hupangwa mapema, kabla umati haujajaa, ili imwandalie nafasi nyota aliyetoka mbali.

Katika mpangilio huo, pakruok haina pa kupitia. Shabiki anaweza kutikisa noti yake mita hamsini kutoka jukwaani, lakini hakuna atakayemwona. Atarudi nyumbani akisema kuwa sauti ilikuwa kubwa na taa zilipendeza, kisha aongeze kuwa hakusalimiwa. Kauli hiyo ya mwisho ndiyo inayopaswa kuwatia waandalizi wasiwasi.

Haimaanishi kwamba desturi hii haina dosari. Sifa zinazonunuliwa humwendea mwenye mfuko mzito, na wanasiasa wamelitambua hilo kwa muda mrefu. Mlalahoi anaweza kukesha ukumbini bila kutajwa hata mara moja. Wimbo mzuri unaweza kukatwakatwa hadi ukapoteza ladha. Isitoshe, pesa za sifa zinaweza kuzua ugomvi ndani ya bendi: je, ni za kiongozi aliyelitaja jina, au ni za wote, hata mpiga ngoma aliyefichika nyuma?

Wanaotetea viwanja vikubwa husema kuwa tiketi haina ubaguzi huo. Kila aliyelipa husikia wimbo mzima, msanii hutia saini mkataba, na malipo yake hayategemei ukarimu wa mlevi mmoja. Hoja hiyo ina uzito. Swali ni kama faida hizo zinaweza kupatikana bila kumfukuza shabiki kutoka ndani ya wimbo.

Mfano mmoja unaonyesha kuwa inawezekana. Bendi ya Extra Golden iliunganisha wapiga gitaa wa roki kutoka Marekani, Ian Eagleson na Alex Minoff, na wanabenga wa Kenya. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka wa 2006, baada ya mmoja wa waanzilishi, Otieno Jagwasi, kufariki mwaka wa 2005. Walipoalikwa kwenye tamasha mjini Chicago mwaka wa 2006, wanamuziki kutoka Kenya walipata viza kwa usaidizi wa afisi ya Barack Obama, wakati huo akiwa seneta.

Bendi hiyo ilimlipa kwa njia ambayo shabiki yeyote wa Kisumu angeitambua: ilimtungia wimbo wenye jina lake, uliotoka katika albamu ya mwaka wa 2007. Hiyo ni pakruok iliyovuka bahari. Wapenzi wa roki, ambao wengi wao hawakuelewa Kijaluo, wakawa wanacheza kwa wimbo wa sifa.

Ghasia zilipozuka nchini baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wapenzi wa bendi hiyo ng'ambo walichanga pesa kuzisaidia familia za wanamuziki. Albamu iliyotoka mwaka wa 2009 ilipewa jina la shukrani, Thank You Very Quickly. Mashabiki hao hawakuwa wameketi karibu na jukwaa la Kisumu, lakini walifanya ambacho desturi ya ziwa inakitarajia kutoka kwa shabiki: waliinua mkono wakatoa.

Somo kwa Kisumu ni kwamba ukaribu hauhitaji ukumbi mdogo, unahitaji mipango. Mwandalizi anaweza kuipa bendi ya nyumbani saa ya usiku umati unapojaa, si saa ya jua kali. Anaweza kuacha njia moja kati ya vizuizi na kipaza sauti kimoja cha mashabiki, chini ya ulinzi. Bendi nazo zinaweza kuandika katika mikataba yao jinsi pesa za sifa zitakavyogawanywa, ili mpiga ngoma asirudi nyumbani mikono mitupu.

Zaidi ya yote, wanaopanga matamasha wanapaswa kusikiliza kinachosemwa Kondele na Mamboleo asubuhi inayofuata. Idadi ya tiketi hueleza ni wangapi waliokuja. Mazungumzo ya mashabiki hueleza ni wangapi watakaorudi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini ili atunzwe, sharti anayetunza aweze kumfikia.