Mteule Asiye na Mzigo

Wako wasemao kwamba mchezo wa wateule ni tamasha tu. Wamekosea. Katika njia ya kale ya misafara, pale Tabora na jirani yake Kipalapala, mpagazi wa Kinyamwezi alisifiwa kwa mzigo alioufikisha, si kwa madaha ya mwendo. Kombe la Gossage, lililoanza 1926 baina ya Kenya na Uganda, Tanganyika ikaingia 1945 na Zanzibar 1949, liliwatwika wateule jina la nchi. Wateule wa besiboli Marekani, walioanza 1933, walitoka sare mwaka 2002 kwa kuishiwa warushaji. Ndipo tangu 2003 hadi 2016 wakatwikwa mzigo wa kuazima: ushindi wao uipe ligi yao faida ya uwanja wa nyumbani katika fainali. Mzigo huo nao ukatuliwa. Basi mteule na apewe mzigo wa kweli, ama asiitwe mteule.