Aitwaye mwalimu dukani apewe haki ya kusema kweli

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ilitungwa kabla ya kuzuka kwa maduka makubwa ya kisasa, ambamo hata kizuri hakiachwi kijiuze chenyewe bali hutafutiwa mtu wa kukisemea. Mtu huyo, ambaye aghalabu ni kijana aliyetoka shuleni au chuoni juzi, ndiye sauti ya duka zima. Hata hivyo, ni nadra kumsikia akitajwa tunapojadili mambo ya uchumi, na ni nadra zaidi kuona lugha anayopewa na mwajiri wake ikichunguzwa.

Kwetu sisi tunaofundisha isimu, duka ni uwanja mpana wa utafiti. Chukua, mathalan, kampuni ya Lululemon iliyoanzishwa na Chip Wilson mjini Vancouver, Kanada, mwaka 1998, ambayo huuza nguo za yoga na za mazoezi mengine. Suruali zake za kubana huvaliwa hata na watu wasiojua zoezi moja la yoga, kwa kuwa zimegeuka vazi la fahari mijini. Katika maduka ya kampuni hiyo, muuzaji haitwi muuzaji. Huitwa kwa Kiingereza jina ambalo kwetu halina maana nyingine ila mwelimishaji, yaani mwalimu. Mnunuzi naye haitwi mteja, bali mgeni. Wala si wao peke yao wenye desturi hii. Kampuni ya Disney huwaita waajiriwa wa bustani zake za burudani waigizaji, nayo Starbucks huwaita wauza kahawa wake wabia.

Wanaisimu huliita jambo hili tasfida. Kwa kawaida tasfida hutumiwa kusitiri jambo linaloonewa haya, ndiyo maana tukasema mtu amekwenda haja, au mama amejifungua. Swali linalozuka basi ni hili: ni aibu gani iliyomo katika neno muuzaji hata likahitaji kusitiriwa? Kuuza si aibu. Miji ya pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ilijengwa na biashara. Kinachositiriwa si tendo la kuuza, bali ni uhusiano uliopo kati ya mwenye duka, mwenye fedha na yule anayesimama katikati yao kutwa nzima kwa ujira.

Tuanze na neno mgeni. Katika utamaduni wetu, mgeni huja mwenyeji akapona. Hukaa siku mbili, na ya tatu hupewa jembe akalime pamoja na wenyeji. Lakini hata huyo wa jembe hadaiwi bei ya wali aliokula. Mgeni ambaye hawezi kutoka nje na kifurushi chake mpaka apitie kwenye kaunta kulipa ni mteja, hata akikaribishwa kwa tabasamu la namna gani.

Neno mwalimu lina uzito mkubwa zaidi. Julius Nyerere alitawala kwa zaidi ya miaka 20, lakini jina alilobaki nalo mpaka alipofariki mwaka 1999, na hata baadaye, ni Mwalimu. Watu wa Afrika Mashariki hawalitoi jina hilo ovyo. Mwalimu kwetu ni mtu mwenye mambo mawili: ujuzi wa kile anachokifundisha, na idhini ya kukisema hata kama hakimpendezi msikilizaji au mkuu wa shule.

Kwa upande wa ujuzi, tusiwanyime wahudumu wa maduka haki yao. Kazi ile ni shule. Muuzaji hodari wa nguo za mazoezi hana budi kujua kwamba mkimbiaji anahitaji kitambaa kinachotoa jasho mwilini upesi, ilhali mtu wa yoga anahitaji kinachonyumbuka bila kulegea. Hujifunza kumpa mtu nguo ya kipimo kikubwa zaidi bila kukitaja kipimo hicho mbele za watu. Hujifunza kutambua, kwa jinsi mkono unavyokishika kitambaa, ni nani amekuja kununua na ni nani amekuja kutazama tu. Na hujifunza kuwaheshimu wote wawili. Somo la rejista, yaani namna ya kubadilisha lugha kulingana na msikilizaji, mimi hulifundisha kwa wiki kadhaa. Mhudumu wa duka hulazimika kulijua kabla ya jioni ya siku yake ya kwanza. Isitoshe, hujifunza hayo yote akiwa amesimama, akikunja upya nguo zilezile zinazokunjuliwa kila baada ya dakika chache.

Mashaka yako katika lile jambo la pili, idhini ya kusema kweli. Mnamo Novemba 2007, gazeti la New York Times liliripoti kwamba vipimo vya maabara lililoviagiza havikuonyesha tofauti kubwa ya madini kati ya fulana ya Lululemon iliyodaiwa kuwa na mwani wenye manufaa kwa mwili na fulana ya kawaida ya pamba. Kampuni ilikana, ikashikilia kuwa mwani umo. Hata hivyo, idara ya serikali ya Kanada inayosimamia ushindani katika biashara iliitaka iyaondoe madai ya tiba kwenye bidhaa hizo, nayo ikayaondoa. Je, mwelimishaji aliyekuwa amesimama karibu na fulana hizo alikuwa akielimisha nini? Alikuwa akikariri maneno ya lebo. Anayekariri asichoweza kukihakiki si mwalimu, ni kasuku. Na kosa si la kasuku, ni la aliyemfunza.

Zaidi ya miaka mitano baadaye, Machi 2013, kampuni hiyohiyo iliondoa madukani suruali nyeusi ambazo kitambaa chake kilikuwa chepesi kiasi cha kuonyesha mwili. Zilikuwa takriban asilimia 17 ya suruali zote za wanawake zilizokuwamo katika maduka yake. Novemba mwaka huohuo, Bw Wilson alisema katika televisheni ya Bloomberg kwamba miili ya baadhi ya wanawake haifai kwa suruali zile. Maneno hayo yalizua ghadhabu, akaomba radhi kwa video, na mwezi uliofuata ikatangazwa kwamba angeacha uenyekiti wa bodi. Mwenye kauli alikuwa studioni. Walioachwa kukabiliana na nyuso za wanawake waliotukanwa ni wale wasichana na wavulana wa kaunta, ambao hakuna aliyewauliza maoni yao.

Kisha ukaja mwaka 2023. Wafanyakazi wawili wa duka la kampuni hiyo katika jimbo la Georgia, Marekani, walifutwa kazi baada ya kuwakabili wezi waliolivamia duka. Mkuu wa kampuni, Calvin McDonald, alitetea hatua hiyo akisema kwamba waelimishaji wao hufunzwa wasijiingize wizi unapotokea, kwa sababu usalama wa watu watangulia mali. Sera hiyo ina busara, kwani hakuna suruali inayostahili kufiwa. Lakini tazama, msomaji, jinsi tasfida inavyovuka pale majaribu yanapokuja. Siku ya mauzo mtu huitwa mwalimu. Siku ya kuadhibiwa hukumbushwa kwamba yeye ni mwajiriwa aliyekiuka kanuni.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni ya Vancouver na Georgia, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Nasi tunao waajiri wanaowaambia wahudumu wao kwamba "sisi hapa ni familia moja", na maneno hayo husikika zaidi pale mhudumu anapouliza habari za malipo ya saa za ziada. Katika familia, mtoto hapewi kibarua cha siku hadi siku kwa miezi kadhaa ili asipate likizo. Kwa bahati nzuri, sheria yetu haitambui jamaa wala wageni katika jambo hili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtambua mwajiri na mwajiriwa. Inamtaka mwajiri atoe masharti ya kazi kwa maandishi. Inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi, yenye malipo kamili, kila amalizapo miezi 12. Inasema pia kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja hawezi kuendelea kuhesabiwa kuwa wa kutwa.

Sisemi kwamba majina ya heshima yapigwe marufuku. Lugha nzuri kazini ni bora kuliko matusi, na kijana anayeamkuliwa kwa adabu hufanya kazi kwa moyo. Ninachosema ni kwamba jina lipimwe kama kitambaa: livutwe, linyanyuliwe kwenye mwanga, tuone linasitiri nini na linaonyesha nini. Mwenye duka akitaka kumwita mhudumu wake mwalimu, na amruhusu kumwambia mteja kwamba nguo hii haikufai, au kwamba madai haya ya lebo hatuna hakika nayo, bila ya kuhofia kupoteza kazi. Na akitaka kumwita jamaa, aanze kwa kumpa barua ya kazi.

Kwa vijana wetu waliomo madukani, wengi wao wakiwa na shahada, nasihi yangu ni kwamba wasiionee haya kazi hiyo wala wasilewe majina yake. Wachukue ujuzi wote inaoutoa, kwani huo ni wao na hakuna atakayewanyang'anya. Kisha waombe kuyaona masharti yao ya ajira kwa maandishi, wayasome kwa makini neno baada ya neno, kabla ya kuitikia jina lolote watakaloitwa.