Mlio wa Bushi Usizimwe kwa Oili Chafu

Wako miongoni mwetu, askari na polisi, watumiao siku za mapumziko kufufua Land Rover kuukuu walizonunua kwa akiba ya mshahara. Ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo, ipo desturi moja ambayo hatuna budi kuipinga. Gari likilia kwenye springi kila lipitapo shimo, mwenyewe huzimwagia bushi za mpira oili chafu. Mlio hukoma, naye huridhika.

Huko si kutengeneza. Oili ya injini huuvimbisha mpira wa asili na kuulegeza. Bushi ikilegea, ekseli huchezacheza, na usukani hautii tena mkono wa dereva. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Kwanza tumtafute mkosaji. Tunyunyize maji matupu kwenye bushi moja, kisha mwenzetu alitikise gari. Mlio ukikatika kwa kitambo, tumempata. Usipokatika, tuendelee na bushi ya pili. Tukumbuke pia kwamba Land Rover za kale, zilizoanza kuuzwa mwaka 1948, zilibebwa na springi za vyuma bapa kabla ya One Ten ya mwaka 1983 kuleta springi za koili. Vyuma hivyo vikishika kutu na kusuguana, navyo hulia, wala bushi haina kosa.

Bushi iliyopasuka haina dawa ila kubadilishwa, na hapa ndipo wengi huharibu. Bushi ya mpira haizunguki. Bomba lake la ndani hubanwa na bolti, na mpira ndio unaojisokota. Bolti ikikazwa gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yakining'inia, mpira hubaki umesokotwa tangu gari literemshwapo, nao hupasuka mapema. Basi gari lishushwe, likae juu ya magurudumu yake, ndipo bolti ikazwe kabisa. Bushi za poliurethani ni tofauti: hizo huzunguka juu ya bomba, kwa hiyo hupakwa grisi ya silikoni wakati wa kufungwa; zikikauka, hulia.

Ndugu zetu, mlinzi aletaye taarifa mbaya hazibwi mdomo. Mlio wa bushi nao ni taarifa. Tuusikilize, tutafute chanzo chake, kisha tushike spana.